Sabuni Tuliyoichemsha kwa Barua

12 Januari

Wifi yangu,

Salamu kutoka nyumba ambayo hujaikanyaga miaka mitatu sasa. Sote tunapumua. Chiriku ameingia darasa la nne na bado anaongea hadi usingizini. Mwalimu amemhamisha dawati mara tatu, na kila anapohamishwa anapata mtu mpya wa kuongea naye. Yule uliyemwacha tumboni ametoka, ana miaka miwili na nusu, tunamwita Donge kwa ajili ya mashavu. Kaka yako yupo nyumbani siku hizi, amepumzika kazi kidogo.

Ningekupigia simu, lakini najua tukisikiana sauti tutaanzia pale pale tulipoishia. Kwenye karatasi mtu hakatizwi.

Niende moja kwa moja kwenye shida yangu, ingawa kuitaja kwenyewe kunanichoma ulimi. Ni sabuni. Siku tuliyomzika mama mkwe wangu, mama yako, ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema kwamba pesa ulizokuwa ukituma za dawa zake mimi nilizigeuza sabuni ya unga. Sikukujibu siku ile, na leo pia sikuandikii ili nikujibu. Ila sabuni ya dukani imetushinda. Kila nikifungua pakiti naona chakula cha watoto kinageuka povu na kumwagwa uani.

Nimekumbuka kwamba zamani, ulipokuwa mgeni pale dobi ya hospitali, ulituhadithia mlivyokuwa mkichemsha sabuni yenu wenyewe kwenye mapipa. Nakuomba unifundishe. Kama hutaki, usijibu, nitaelewa, na barua hii unaweza kuwashia jiko.

Mke wa kaka yako


9 Februari

Mke wa kaka yangu,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tisa mwezi uliopita. Nimekaa nayo.

Mimi ni mzima. Mashine mbili kati ya nne zimekufa, kwa hiyo nusu ya nguo tunafua kwa mikono na wasichana wananinunia kama mimi ndiye niliyeziua. Goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila asubuhi. Nimefurahi kusikia habari za watoto. Huyo Donge hata sura yake siijui.

Sabuni. Fuata kama nilivyoandika, usiongeze akili zako.

Nunua mche wa sabuni ya kufulia ya kawaida, isiyo na manukato. Kata robo, ikwaruze kwa kikwaruzo cha karoti mpaka iwe laini kama vumbi la mbao. Itie kwenye sufuria yenye lita tatu za maji, moto mdogo, ukoroge kwa mwiko wa zamani hadi usione chembe. Usiiache itokote, itafura na kukumwagikia. Pembeni chukua kikombe kimoja cha chai cha magadi yaliyotwangwa, uyayeyushe kwenye maji ya moto, uyaache yatulie, kisha uyachuje kwa kitambaa, maana magadi ya sokoni yana mchanga. Changanya vyote kwenye ndoo kubwa, ongeza maji mpaka nusu yake, koroga, funika, iache hadi siku ya pili. Itakuwa nzito kama uji. Kikombe kimoja kinatosha beseni kubwa la nguo. Haitatoa povu jingi, na hilo lisikutishe. Povu ni mapambo tu, halifui.

Magadi usiyashike kwa mkono mtupu.

Niandikie unafua nini kwa wiki, nikurekebishie vipimo. Na jambo jingine. Umeandika kwamba kaka yangu yupo nyumbani. Hujaandika kwamba ananisalimu.

Mengine tuyaache yalipo.

Wifi yako wa dobini


26 Februari

Wifi wa dobini,

Umenijibu. Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini kwanza ndipo nikaifungua. Asante. Tungeweza kuishi hivi hivi hadi uzeeni, mimi huku na wewe huko, na wala wewe hukulazimika kuchukua kalamu.

Sisi tunaendelea. Donge ameota magego na analipiza kisasi kwa kuuma viti. Chiriku anakusalimu sana, na kesi yake utaisikia sasa hivi.

Uliniambia nisiongeze akili zangu, nami nikaziongeza. Nilikitazama kile kikombe kimoja cha magadi nikaona kimekuwa kidogo, ndoo ni kubwa, ubahili wa nini. Nikatia vitatu. Siku ya pili ndoo ilinuka kama chumba kilichopakwa chokaa. Nikasema ndiyo ukali wenyewe huo. Nikaloweka sweta la shule la Chiriku, lile la buluu. Wifi, lilitoka rangi ya majivu, na mikono yangu ikachunika hadi kwenye vifundo. Chiriku amelivaa hivyo hivyo na kuwaambia darasa zima kwamba mama yake amepika sabuni ikala sweta. Kaka yako alipomsikia akisimulia alicheka hadi akashika mbavu. Sijamsikia akicheka tangu Oktoba.

Umeniomba orodha ya nguo. Mashuka manane kwa wiki, wiki nyingine kumi. Foronya nne. Sare za Chiriku jozi mbili. Nguo za Donge hazihesabiki. Blanketi mbili kila baada ya siku kumi na nne. Maji yetu, kama unavyokumbuka, ni ya kisima, yana chumvi, na sabuni haiyeyuki humo kirahisi.

Hata hiyo sabuni iliyoharibika sikuimwaga. Nimeipunguza makali kwa maji nikafulia magunia.

Kaka yako anakusalimu.

Mke wa kaka yako


10 Machi

Wifi,

Mashine moja imefufuka. Goti bado. Mwambie Chiriku kwamba kesi ya sweta nimeisikia na hukumu inakuja kwa kifurushi.

Nyumba ya watu wanne haifui mashuka manane kwa wiki. Nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii. Nikiletewa furushi lisilo na karatasi, najua limetoka wodi gani kabla sijafungua fundo. Nani analala kitandani mwako mchana? Usiniambie ni Donge, nguo zake umezitaja peke yake. Na usiniambie ni jasho.

Wakati unatafuta jibu, sikiliza. Kikombe cha magadi ni kimoja. Kwa maji ya chumvi kama yenu kinatosha, kazi yake ndiyo hiyo, kuyalainisha maji ili sabuni ifanye kazi. Shuka lenye haja liloweke kwanza kwenye maji baridi, saa moja au mbili, ndipo ulipeleke kwenye sabuni. Ukianza na maji ya moto unalipikia doa ndani ya uzi na halitatoka tena. Suuza mara tatu. Ile ya mwisho tia vijiko viwili vya siki, itaondoa mabaki ya sabuni, shuka lisimchubue anayelilalia. Mtu anayelala chali muda mrefu ngozi yake inakuwa kama ya mtoto mchanga.

Dereva wa gari la dawa atakuletea glovu za mpira, magadi yaliyochujwa na sweta. Glovu nimezinunua kwa pesa yangu, si za hospitali, usije ukanishtaki.

Niambie ni nani.

Wifi yako


2 Aprili

Wifi yangu,

Kifurushi kimefika. Chiriku amelivaa sweta siku nne mfululizo. Mikono imemzidi, anaikunja na kusema shangazi amemnunulia na la mwakani humo humo. Glovu nazivaa hata ninapoosha vyombo, kwa maringo. Asante sana, wifi. Nimeandika asante na naona neno lenyewe ni dogo kwa kilichomo moyoni.

Umenikamata. Ni kaka yako.

Oktoba alikuwa anaezeka ghala la nafaka, bati likateleza naye akateleza nalo. Alivunjika nyonga na paja. Alilazwa wiki sita, kisha wakamrudisha nyumbani alale chali. Hageuki bila kushikwa. Chombo cha haja namwekea, lakini kinamwagika, na kikimwagika anageuzia uso ukutani. Siku ya sweta ndiyo iliyokuwa ya kwanza kucheka. Alinikataza kabisa nisikuandikie habari hizo. Nilipomuuliza sababu akasema, "Kwa dada sina uso." Maana yake naijua, lakini si yangu kuieleza. Na ile salamu ya mwezi wa pili niliitunga mwenyewe. Nisamehe.

Sasa nikupe habari njema. Sabuni imekubali. Nilipoifunua ndoo ilikuwa nyeupe, nzito, inatetemeka kidogo kama maziwa yaliyoganda. Nimefulia mashuka yote nane nikayaanika, na nilipoyaanua jioni yalikuwa yananuka jua tu, hakuna kingine. Tangu hapo sijanunua pakiti hata moja. Nauli ya kumpeleka kaka yako kliniki mwezi huu imetoka humo humo ndooni, sikumpigia mtu magoti. Mama wa genge, jirani yangu anayeuza mboga, ameshaonja, yaani ameshafulia, na anataka aandikiwe vipimo.

Hilo la maji baridi kwanza nilikuwa nalijua. Nililijua wakati wa mama, baada ya kuharibu mashuka mawili mapya. Magadi ndiyo sikuyajua. Laiti ningeyajua mwaka ule, zile pakiti zote

Basi, karatasi imekwisha.

Mke wa kaka yako


20 Mei

Wifi,

Wiki ya saba hii sijapata neno lako. Nimeuliza posta hadi yule bwana wa dirishani akiniona kwa mbali anatikisa kichwa.

Kama umekasirika kwa kuwa nilikuficha habari za kaka yako, una haki. Kama ni neno jingine nililoandika, niambie ni lipi. Kama unaumwa, mwambie msichana mmoja wa hapo dobini aniandikie mstari mmoja tu.

Jana kaka yako alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akahesabu hadi hamsini ndipo akalala. Chiriku alikuwa akimhesabia kwa sauti na kuruka tarakimu ili amsaidie. Nilitaka ulijue hilo.

Mke wa kaka yako


17 Juni

Wifi yangu,

Siumwi. Barua zako zote mbili zimefika. Nimeanza kukuandikia mara sita, na kila mara naishia kwenye salamu.

Nimefurahi kwa habari za kaka yangu. Hamsini ni nyingi kwa nyonga iliyovunjika. Mwambie Chiriku ahesabu polepole zaidi, asimwibie baba yake mazoezi.

Uliandika kwamba maji baridi uliyajua wakati wa mama. Niliisoma sentensi hiyo nimesimama kwenye chumba cha kupangia mashuka, nikakaa juu ya furushi. Msichana mmoja akaniuliza kama ni goti. Nikamwambia ndiyo.

Nilichoambiwa mimi ni kwamba mama alikuwa anaumwa miguu. Kwenye simu alisema miguu. Wewe ulisema miguu. Nilikuja kumwona mara mbili katika miezi ile kumi na mmoja ya ugonjwa wake, na mara zote mbili nilimkuta kwenye shuka jeupe, limenyooka, linanukia. Nilikaa pembeni yake, nikamshika mkono, nikawaza moyoni kwamba mke wa kaka yangu anafua kwa mbwembwe, kwa pesa yangu. Kazi yangu ni kujua shuka limepitia wapi. La mtu nisiyemjua nalijua. La mama yangu sikujiuliza.

Baada ya barua yako nilichukua kalamu. Mgonjwa asiyejizuia anamaliza mashuka matatu kwa siku, siku mbaya matano. Miezi kumi na mmoja. Maji ya chumvi. Sabuni ya unga ya dukani, kwa sababu hakuna aliyekufundisha nyingine, na mtu pekee ambaye angeweza kukufundisha ni mimi. Kabla sijafika mwisho wa hesabu nilikuwa nimeshaona. Pesa yangu isingetosha. Nyingine ilitoka kwako.

Nami nikasimama mbele ya watu nikasema niliyoyasema, na wewe, na tumbo lako, ukaniangalia tu.

Kama nimekosea, nirekebishe. Kama mama alikuomba usiseme, usinijibu hili, niandikie habari za watoto nami nitaelewa. Lakini kaka yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu siku ile. Naye alijua?

Sitaandika nisamehe kwa sababu nataka kulisema hilo nikiwa mbele yako. Kwa leo nasema asante. Kwa kila shuka uliloloweka, ulilokamua na kulianika na ukalirudisha kwa mama yangu likiwa limenyooka. Mimi nalipwa kufanya kazi hiyo, na kuna siku inanishinda.

Wifi yako


5 Julai

Wifi yangu mpendwa,

Nilisoma barua yako uani, nikaingia ndani nikalia, nikatoka nikaisoma tena. Donge alinipangusa kwa kitambaa cha jikoni kinachonuka vitunguu, nikalia vizuri zaidi.

Mama nilimpa ahadi, na siku zote hizi sijaivunja. Wewe ndiye uliyeisoma kwenye nguo. Kwa kuwa umeshaisoma, nadhani hatanilaumu nikikusimulia alivyosema.

Ilikuwa wiki ya pili tangu ashindwe kujizuia. Nilikuwa nabadilisha shuka, akanishika mkono.

"Binti yangu asijue," akasema.

Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo kazi yake. Atatufundisha namna."

"Ndiyo maana. Mchana kutwa anafua ya watu asiowajua. Akija kwangu nataka amwone mama. Sitaki aone kazi."

Nikamwapia. Basi kila uliposema unakuja, mimi na yeye tulikuwa kama watu wanaongoja ukaguzi. Mashuka mapya, madirisha wazi, yeye mwenyewe akinielekeza aketishwe vipi. Ulipokwisha kuondoka alikuwa akiniuliza, "Ameona mama?" Nikimjibu ndiyo, analala kama mtoto.

Usidhani alikuwa analala tu nikimtumikia. Foronya alikuwa akizikunja yeye, amezilaza kifuani, pembe kwa pembe, moja inamchukua muda wa kupika chai. Na alikuwa akinishukuru kila shuka, kila shuka, mpaka siku moja nikamwambia, "Mama, acha basi, tumeshazoeana." Akasema, "Niache nishukuru. Ndiyo kazi niliyobaki nayo."

Usinifanye mtakatifu, lakini. Baada ya mazishi nilikuchukia, wifi. Zilikuwepo siku nilifua nikikutukana kwa sauti, na nguo zilitakata kweli kweli siku hizo.

Kaka yako alijua. Mama alimwapisha na yeye. Lakini angeweza kusema, "Dada, nyamaza, hujui unalosema," na siri ya mtu isingetoka. Hakusema. Nilimpakulia chakula miezi sita bila neno. Tulikuja kusameheana, kwa kuwa watu hawawezi kuishi chumba kimoja milele wakizungumza kupitia mtoto, ila mwenyewe hakujisamehe, na ndiyo sababu hakutaka ujue ameanguka. Mwezi uliopita nilikuwa namgeuza mchana, nikivuta shuka chini yake, akasema, "Sasa najua ulikuwa umebeba nini." Nikamwambia anyanyue kiuno, mkono unaniuma. Lakini nilimsikia.

Njoo. Lile neno unalotaka kulisema mbele yangu, njoo ulisemee hapa. Na ukija ulete mche mmoja wa sabuni, wangu umebaki kisigino.

Wifi yako


30 Julai

Wifi yangu,

Mashine zote nne zinafanya kazi, kwa hiyo hawana sababu ya kuninyima likizo. Nimepewa siku kumi na nne, mbili za kwenda, mbili za kurudi, kumi za kwenu. Nitafika tarehe kumi Agosti. Usipike kwa fujo, usibadilishe mapazia. Nataka kuwaona mlivyo.

Barua yako ya mwezi huu nimeiweka mahali pa kadi yangu ya kazi, ndani ya koti, natembea nayo. Kwamba mama aliuliza kama nimemwona, hilo sikulijua, na sasa ninalo.

Mwambie kaka yangu sina hasira naye. Hapana, usimwambie hivyo, nitakuwa nimedanganya. Mwambie ninayo, lakini mzigo huo naubeba mwenyewe, naye afanye mazoezi yake.

Nakuja na miche mitatu.

Wifi yako wa dobini


14 Septemba

Wifi yangu, dada yangu,

Nakuandikia nyumba ikiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Chiriku alilia siku mbili, kisha akaanza kuwasimulia wenzake kwamba shangazi yake anaweza kunusa shuka na kutaja jina la mwenye nalo. Sijamkatalia. Donge bado anakwenda mlangoni asubuhi kukutafuta kwenye kile kiti ulichokuwa ukinyoosha goti. Kaka yako anatembea na magongo hadi kwenye choo na kurudi, peke yake, na akirudi anatangaza kama amerudi safari ya mbali. Mashuka yetu sasa ni manne kwa wiki.

Lile neno ulilokuja kunisemea ulinisemea siku ya kwanza, mlangoni, kabla hujatua mkoba, nami nilikujibu. Kwangu yaliishia pale. Kumbe kwako hayakuwa yameisha.

Jana mama wa genge alikuja na kikopo chake cha magadi, akakaa, akaniangalia kwa namna fulani, ndipo akanisimulia. Ile Jumamosi uliyosema unakwenda kisimani na ukakaa saa nzima, nami nikadhani ni foleni, hukuwa kwenye foleni. Anasema uliwakuta wanawake saba au wanane, wengi wao walikuwepo kwenye mazishi, ukatua ndoo yako katikati yao. Amenirudia maneno yako kama alivyoyashika.

"Miaka mitatu iliyopita nilisimama hapa jirani nikasema mke wa kaka yangu alikula pesa za mama yangu. Haikuwa kweli. Pesa zangu zilimfikia mama, na za kwake mwenyewe zikaongezwa juu. Zilifanya kazi gani, hilo ni la nyumba yetu. Anayetaka kuuliza aniulize mimi, asimuulize yeye."

Kisha yule fundi cherehani mwenye mdomo akakuuliza, "Sasa kwa nini unatuambia leo?" Nawe ukamjibu, "Kwa sababu nililisema kwa sauti. Siwezi kulifuta kwa kunong'ona." Halafu, anasema, ukawauliza nani anataka kujua kuchemsha sabuni, ukakaa pale pale kwenye ukingo wa kisima ukawafundisha, na ukamkaripia mmoja aliyesema ataongeza magadi kidogo.

Ulirudi nyumbani ukasema, "Foleni ndefu leo." Ukamenya viazi.

Wifi, mimi nilidhani nimeshazoea. Miaka yote hii nachota maji pale, nasalimia, nasalimiwa, naondoka. Leo asubuhi nimekwenda, na nikiwa njiani kurudi ndipo nimegundua kwamba huwa napita mahali pale nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano. Leo sikuinama. Ndoo ilikuwa nzito vile vile na nimeibeba nikiangalia mbele. Sijui nikushukuru vipi kwa hilo. Naona nitafanya kama mama alivyokuwa akifanya, nishukuru kila siku, na wewe uniache.

Kuna kitu kingine. Kaka yako ameniomba kalamu, na hataki nisome anachoandika. Namwachia nafasi hapa chini.

Wifi yako

*

Dada,

Ulikaa hapa siku kumi na sikusema nililopaswa kusema. Ulinikalia karibu, ukanifundisha kushuka ngazi kwa magongo, na hukuniuliza. Najua ulikuwa unaningoja.

Siku tuliyomzika mama nilinyamaza. Nilijiambia natunza siri yake, lakini siri yake isingeguswa kama ningekwambia unyamaze. Niliogopa nikifungua mdomo nitalia mbele ya watu. Kwa hiyo nikamwachia mke wangu aibu isiyokuwa yake, na wewe nikakuacha ukiamini uongo miaka mitatu. Kwake nimeshasema. Kwako nasema sasa. Nisamehe, dada.

Asante kwa sabuni. Asante kwa ulichofanya kisimani, maana ilikuwa kazi yangu na uliifanya wewe.

Leo asubuhi nimekaa kwenye stuli uani, mguu nimeunyoosha mbele, nimefua shuka langu mwenyewe. Maji baridi kwanza, kisha kikombe kimoja, nikasuuza mara tatu. Mke wangu ameliangalia kwenye kamba akasema halijatakata. Amelishusha, amelirudia.

Kesho nitafua tena.

Mdogo wako